UZI: Damu inaingiaje ndani ya yai? Mishipa ya damu inavyojengwa, kwa wanaototolesha na wasiototolesha

Mtotoleshaji Uyole

Wakuu, salaam.

Kuna kijana amenunua mashine yake ya kwanza ya kutotolesha juzi juzi pale Mwanjelwa. Akanipigia simu usiku, sauti ya mtu aliyeona jini. Amemulika mayai siku ya tano, kaona ile mishipa tunayoiita buibui. Swali lake: "Mwalimu, mimi nakaanga chipsi mayai miaka yote hii, nimevunja mayai mpaka basi, sijawahi kukuta damu. Hii imeingia saa ngapi, na imepita wapi?"

Jibu fupi: haijaingia. Imetengenezwa mle mle, pamoja na mishipa yake. Jibu refu nimeona niliweke hapa, maana nimefundisha baiolojia kidato cha tano na sita kabla ya kuhamia kwenye kuku, na hii mada vitabu vya shule vinaipita mbio.

Yai lenye mbegu linapotagwa, lile doa jeupe juu ya kiini tayari lina makumi ya maelfu ya seli. Zimelala. Ukizipa joto la nyuzi 37.5 hivi zinaamka na kuendelea kugawanyika. Kufika kama saa ya 24 hadi 30, pembeni kabisa, nje ya mwili wa kifaranga, juu ya kiini, yanatokea mafungu madogo ya seli yanayoitwa visiwa vya damu. Kila kisiwa kinajigawa chenyewe: seli za nje zinalala bapa na kushikana, zinakuwa ukuta wa mshipa. Za ndani zinabaki huru, zinajaa himoglobini, zinakuwa chembe nyekundu. Visiwa vinanyoosheana mikono, vinaungana, unapata wavu.

Hapo moyo bado. Moyo unaanza kushtuka shtuka kwenye saa ya 33 hadi 40, na damu inaanza kuzunguka ikikaribia mwisho wa siku ya pili. Kwa hiyo msidhani kuna bomba lililotoka moyoni likaenda kutafuta kiini. Wavu ulianza kusukwa mbali na moyo, kisha vikaungana.

Binadamu ni vile vile, tofauti ni saa tu. Visiwa vya damu vinaonekana wiki ya tatu ya mimba, na moyo unaanza kupiga siku ya 22 hivi, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba.

Watu wameyachungulia mayai tangu kale. Aristotle alivunja mayai ya siku tofauti tofauti, akaandika juu ya nukta nyekundu inayorukaruka, ndio moyo. Daktari Mwingereza William Harvey mwaka 1628 akaonyesha kwamba damu inazunguka, ila hakuweza kuona inavukaje kutoka ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) kwenda vena (mishipa inayoirudisha). Mtaliano Malpighi aliziona kapilari, yaani vimishipa vyembamba kabisa vinavyounganisha hizo mbili, kwa hadubini kwenye mapafu ya chura mwaka 1661, Harvey akiwa ameshafariki. Malpighi huyo huyo baadaye akageukia mayai ya kuku, akachora mishipa ya kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika.

Sasa pale ukuta wa mshipa unapotengenezwa kutoka seli ambazo hazikuwa mshipa, hiyo ni njia ya kwanza, wataalamu wanaiita vaskulojenesisi. Njia ya pili ni mshipa uliokwishakuwepo kuchipua tawi: anjiojenesisi. Ya kwanza inafanya kazi zaidi mwanzoni. Ya pili ndiyo inayomalizia karibu kila kitu, na ndiyo inayorudi ukijikata kisu na kidonda kikaanza kupona.

Naendelea chini, subirini.

Kijana wa Soweto Mby

Nimeweka kigoda. Ila mkuu, bei ya vifaranga vya siku moja ikoje sasa hivi?

Mtotoleshaji Uyole

Bei njoo inbox. Hapa ni shule.

Swali linalofuata ni hili: mshipa unajuaje pa kwenda? Hakuna ramani. Kuna njaa.

Oksijeni ikitoka kwenye kapilari haifiki mbali, ni sehemu ya kumi hadi mbili ya kumi ya milimita moja. Tishu ikinenepa kuliko hapo bila mshipa, seli za katikati zinakosa hewa. Ndani ya kila seli kuna protini inaitwa HIF. Seli inaitengeneza muda wote, na muda wote inaivunja, mradi oksijeni ipo. Oksijeni ikipungua, uvunjaji unasimama. HIF inajikusanya, inaingia kwenye kiini cha seli, inawasha jeni nyingi, na mojawapo inatengeneza protini inayoitwa VEGF. Waliofumbua namna seli inavyopima oksijeni (Semenza, Ratcliffe na Kaelin) walipewa Nobeli mwaka 2019.

VEGF inatoka nje ya seli na kusambaa. Mshipa wa jirani una seli zenye vipokezi vyake, yaani protini za kuinasa. Seli iliyopata nyingi zaidi inajitoa mstarini, inatoa nyuzi nyembamba mbele yake na kuanza kutambaa kuelekea kule VEGF inakotoka. Hii ndiyo seli ya ncha. Sasa angalieni ujanja uliopo: ikishajiteua tu, inawagusa majirani zake wa kushoto na kulia kwa protini nyingine na kuwaambia "nyie msitoke." Majirani wanapunguza vipokezi vyao, wanabaki nyuma wakigawanyika na kurefusha shina. Zisingezuiana hivyo, seli zote zingekimbilia mbele na mshipa ungesambaratika. Majaribio yaliyozima hiyo amri ya kuzuia yalitoa vichaka vya mishipa isiyopitisha damu vizuri.

Ncha mbili zikikutana zinashikana, tundu linafunguka katikati, damu inapita. Oksijeni inafika, HIF inavunjwa, VEGF inashuka, kelele zinakwisha. Kisha seli nyingine zinakuja kuukumbatia mshipa kwa nje na kuukaza usivuje.

Kuhusu kipimo cha VEGF: mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yaliharibu nakala moja tu ya jeni ya VEGF kwenye panya, nyingine ikabaki nzima. Viinitete vilikufa tumboni. Nusu ya kipimo haikutosha. Jeni za namna hii ni chache, maana kwa nyingi mwili unavumilia kubaki na nakala moja.

Mkinga wa Makete

Kamwene mwalimu. Sisi huku juu hewa ni nyepesi. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600. Ina maana viinitete vyetu vina njaa muda wote? Maana jirani yangu mayai yake yanakufa sana akidai ni "hewa ya milimani". Mimi naona ni uvivu wa kugeuza.

Mtotoleshaji Uyole

Kamwene ndugu yangu. Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, ila wewe zaidi.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Hewa ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya Dar, ila mgandamizo umeshuka, hivyo kila pumzi ina kama asilimia 80 ya oksijeni ya pwani. Yai halina mapafu, linapumua kwa vitundu vya ganda. Na hapo kuna fidia ya ajabu: hewa ikiwa nyepesi, gesi zinapenya vitundu kwa wepesi zaidi. Sehemu ya upungufu inarudi. Hasara yake ni kwamba hata mvuke unatoka haraka, yai linakauka. Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu akishindwa, kabla ya kulaumu oksijeni aangalie maji kwenye mashine. Kule Kitulo kwenyewe, sawa, oksijeni nayo inaanza kuwa hoja.

Kugeuza mayai kuna uhusiano wa moja kwa moja na uzi huu. Wengi wanajua kwamba yai lisipogeuzwa kiinitete kinaganda kwenye utando. Kuna zaidi ya hilo: mayai yasiyogeuzwa yanaonyesha eneo dogo la mishipa juu ya kiini, na utando wa kupumulia unaokua vibaya. Kifaranga anafika siku za mwisho, anahitaji hewa nyingi na chakula kingi, mishipa haitoshi. Anakufa mkubwa, karibu na kutoka. Mfugaji analaumu siku ya 19, kosa lilifanyika wiki ya kwanza.

Kwa binadamu urefu wa mlima nao unaonekana. Uzito wa watoto wanaozaliwa unapungua kwa wastani wa kama gramu 100 kwa kila mita 1,000 unazopanda, isipokuwa jamii zilizokaa milimani vizazi na vizazi, kama Watibeti na watu wa Andes, hazipungukiwi kiasi hicho.

Fundi Bomba Ipogolo

Mimi ni fundi bomba hapa Iringa. Nimesoma nikacheka. Kwetu nyumba inajengwa, fundi anaitwa baadaye, anatoboa ukuta anapitisha bomba. Naona mwili nao ni hivyo hivyo: kiungo kinajijenga, kikiona njaa kinaita mafundi. Au sijaelewa?

Mtotoleshaji Uyole

Fundi, ulichosema ndicho hata wanasayansi waliamini kwa muda mrefu. Mshipa ni bomba, kazi yake kupeleka na kurudisha. Ningependa watu wasome hapa taratibu, maana hii ndiyo sababu ya mimi kufungua uzi.

Mwaka 2001 zilitoka tafiti mbili za aina moja. Ya kwanza ilihusu ini. Ini linaanza kama uvimbe mdogo kwenye ukuta wa utumbo wa kiinitete. Watafiti wakachukua panya wasioweza kabisa kutengeneza seli za ukuta wa mishipa. Kichipukizi cha ini kilitokea, kikaanza kunenepa, kisha kikakwama, hakikuweza kutawanyika kwenye tishu iliyokizunguka. Utasema ni kwa sababu kilikosa damu. Hapana, hapo ndipo penye utamu. Hatua hiyo hutokea kabla damu haijaanza kupita mahali pale. Hata kwenye kiinitete kizima hakuna oksijeni inayoletwa na mshipa wakati huo. Seli za mshipa zilikuwa zimesimama tu pale, hazijawa bomba, na bado ini lilizihitaji.

Ya pili ilihusu kongosho. Kongosho linachipua pale ukuta wa utumbo unapogusana na mishipa mikubwa, ikiwemo aota, ile ateri kuu inayotoka moyoni. Watafiti wakaondoa chanzo cha aota kwenye viinitete vya chura: seli za insulini hazikutokea. Wakachukua kipande cha ukuta wa utumbo na kukilaza pamoja na aota kwenye sahani ya maabara: insulini ikaanza kutengenezwa.

Kwa hiyo fundi, hebu fikiria bomba ambalo likiegeshwa tu pembeni ya kiwanja, kabla ya kufunguliwa maji, linamwambia mwashi "hapa weka jiko." Ndivyo ilivyo. Tishu inaita mshipa kwa VEGF, mshipa unaijibu tishu kwa amri zake, na hakuna aliyemaliza kujengwa kabla ya mwenzake.

Tena amri hazianzii upande mmoja kila mara. Kwenye ngozi, neva za hisia zinatangulia na mishipa midogo inafuata njia zao. Neva ndizo zinazotoa VEGF. Panya wakikosa neva hizo, ateri za ngozi zinapotea mpangilio. Mfupa nao: mfupa mrefu wa paja la mtoto tumboni unaanza kama gegedu tupu (ule mfupa laini kama wa sikio) lisilo na mshipa hata mmoja. Seli za katikati ya gegedu zikifika umri zinavimba, zinaanza kumwaga VEGF, mishipa inavamia, na inakuja na seli zinazojenga mfupa. Mishipa isipoingia, gegedu haligeuki mfupa kwa wakati.

Na damu yenyewe. Nilisema mwanzoni ya kwanza inatoka kwenye visiwa. Hiyo ni ya muda tu. Seli mama za damu, zile zitakazokaa kwenye uboho na kukuhudumia mpaka uzeeni, zinazaliwa na ukuta wa aota. Seli ya ukuta wa chini wa aota inajikunja, inajing'oa kutoka kwa wenzake, inadondokea kwenye mkondo ikiwa seli mama ya damu. Mwaka 2010 watu walilinasa tukio hilo mubashara kwenye samaki wadogo wanaong'aa mwili na kwenye tishu ya panya. Mshipa unazaa damu, fundi. Bomba lako limewahi kuzaa maji?

Fundi Bomba Ipogolo

😂😂 Halijawahi. Lingezaa ningekuwa na ghorofa Gangilonga.

Mtumishi

Haya yote ni kazi ya Mungu. Mnajisumbua bure kuchimba.

Mtotoleshaji Uyole

Mtumishi, amina. Na mimi nikitazama kazi yake napenda kuitazama kwa karibu.

Mwanachuo Mkwawa

Shikamoo mwalimu. Niko Iringa, mwaka wa pili baiolojia. Tulibishana darasani: ateri inajuaje kuwa ateri na vena inajuaje kuwa vena? Mhadhiri alisema ni jeni, mwenzangu akasema ni msukumo wa damu.

Mtotoleshaji Uyole

Marahaba mwanangu. Mhadhiri na mwenzako wanashika pande mbili za kitu kimoja.

Mwaka 1998 ilionekana kwamba kwenye panya seli za ateri zina protini moja usoni na za vena zina nyingine inayoshikana nayo, na utengano huo upo kabla damu haijaanza kupita. Mhadhiri pointi moja. Lakini mwaka 2004 watafiti wakatumia kiinitete cha kuku, wakafunga ateri inayopeleka damu upande mmoja wa kiini. Damu upande ule ikaanza kuja kwa njia ya vena. Baada ya muda mfupi matawi yaliyokuwa ya ateri yakaanza kugeuka vena: alama zake za jeni zikabadilika, umbo likabadilika. Walipofungua tena, yakarudi. Mwenzako pointi moja, na nadhani ni pointi nzito zaidi.

Mjerumani Richard Thoma alishayaona ya namna hiyo mwaka 1893, akichungulia mayai ya kuku kama sisi. Mfereji wenye mkondo wa kasi unapanuka, wenye mkondo dhaifu unanywea na kufutika. Wavu wa mwanzo ni wa ovyo, mishipa imejaa kila mahali, yote unene mmoja. Mkondo wa damu ndio unaochagua ipi iwe kuu na ipi ife. Seli za ukuta zinahisi msuguano wa damu inayozipitia na kubadilika kadiri ya huo msuguano. Ndiyo maana kila mtu ana aota mahali pale pale, ila ukilinganisha vimishipa vya macho ya pacha wanaofanana utaona havilingani.

Nesi wa Zamu

Jamani naomba niingie. Nafanya kazi wodi ya watoto njiti, mkoa sitaji. Mwalimu amegusa VEGF na oksijeni, mimi kila siku naishi na hayo mawili.

Mishipa ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho, inaanza kuota kwenye wiki ya 16 ya mimba. Inaanzia pale neva ya jicho inapoingilia na kutambaa kuelekea pembeni. Upande wa puani inamaliza wiki ya 36 hivi, upande wa sikioni inakaribia wiki ya 40. Mtoto akizaliwa wiki ya 28, retina yake ina sehemu kubwa isiyo na mishipa.

Tumboni oksijeni ya mtoto ni ndogo, na hiyo njaa ndiyo inayovuta mishipa mbele. Sasa kazaliwa, mapafu machanga, tunamwekea oksijeni. Ikizidi, retina inashiba kabla ya wakati. VEGF inashuka, mishipa inasimama, mingine inakufa. Wiki zinapita, retina inaendelea kukua, sehemu isiyo na mishipa inaanza kulia njaa yote kwa pamoja. VEGF inafurika. Mishipa inaota ovyo kuelekea katikati ya jicho, inavuja, inaacha makovu, makovu yanavuta retina ing'oke. Mtoto anapofuka.

Miaka ya 1940 nchi tajiri zilipoanza kumwaga oksijeni kwa njiti bila kipimo, watoto kama 10,000 walipofuka kabla sababu haijajulikana. Daktari Kate Campbell wa Melbourne ndiye aliyeonyesha mwaka 1951 kwamba oksijeni nyingi inahusika. Wakaibana sana, watoto wakaanza kufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana leo tunafuata ile mashine ya kidoleni inayopima oksijeni kwenye damu, hatutaki isome 100 kwa njiti aliye kwenye oksijeni. Mama akiona 93 anadhani tunamnyima mwanae hewa. Mama, hatumnyimi.

Wenye njiti, hasa waliozaliwa chini ya wiki 32 au chini ya kilo moja na nusu: ulizeni macho yapimwe kama wiki nne baada ya kuzaliwa. Msisubiri mtoto aanze kugongana na viti. Kuna laser na kuna sindano ya dawa inayokamata VEGF, na zote zina muda wake.

Binti Tukuyu

Ndaga fijo nesi. Mdogo wangu alipata presha ya mimba mwezi wa saba, mkojo una protini, miguu imevimba, akazalishwa haraka. Tuliambiwa "kondo halikukaa vizuri" na hatukuelezwa zaidi. Inahusiana na haya?

Nesi wa Zamu

Pole dada, inahusiana kabisa. Mwanzoni mwa mimba seli za kondo zinaingia kwenye ateri za mfuko wa uzazi wa mama, zinaondoa misuli ya kuta zake, ateri nyembamba zinakuwa pana na kulegea ili damu imiminike polepole kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake kazi hiyo inaishia njiani. Kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linatoa kwenye damu ya mama kipokezi cha VEGF kinachoelea, hakijashika seli yoyote. Kinakamata VEGF ya mama. Mishipa ya mtu mzima nayo inahitaji VEGF kidogo kila siku ili ikae sawa, hasa chujio za figo. Ikikosa, presha inapanda na protini inavuja kwenye mkojo. Hili lilielezwa vizuri mwaka 2003. Kondo likitoka, chanzo kimetoka, ingawa siku za mwanzo baada ya kujifungua bado ni za hatari na presha iendelee kupimwa.

Akishika mimba nyingine awahi kliniki mapema, asifiche historia hii. Kuna aspirini ya dozi ndogo wanayopewa waliowahi kupata, ila inaanzwa na daktari, si duka la dawa.

Mtotoleshaji Uyole

Nesi umenisaidia sana. Niongeze kimoja kwa wanaopenda maajabu. Kile kipokezi kinachoelea kinachomuumiza mama, mwaka 2006 kilionekana kina kazi nyingine njema kabisa. Kipo kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Konea haina mishipa, inachukua oksijeni moja kwa moja hewani na kwenye machozi, la sivyo tungekuwa tunaiona dunia kupitia wavu mwekundu. Kipokezi hicho kinanyonya VEGF yote inayosogea, mishipa ya pembeni haipati harufu. Watafiti walipokizima kwenye panya, konea ikavamiwa na mishipa. Kitu kile kile, mahali tofauti, wakati tofauti.

Kijana wa Soweto Mby

Na kansa? Nilisikia uvimbe nao unajichotea mishipa.

Mtotoleshaji Uyole

Ndiyo. Judah Folkman wa Marekani alilisema mwaka 1971 na wengi wakambeza. Uvimbe unatumia mbinu hizi hizi za kiinitete, ila hausemi "basi", kwa hiyo mishipa yake ni mibovu na inavuja. VEGF yenyewe mwaka 1983 Harold Dvorak aliikuta kwenye uvimbe kama kitu kinachovujisha mishipa, mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaitambua kama kitu kinachoikuza. Dawa ya kwanza ya kuikamata iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Inasaidia, ila haijawa mwarobaini kama watu walivyotarajia, maana uvimbe una njia nyingine za kupata damu. Na wanapojaribu dawa za namna hii, mara nyingi wanatumia utando wa ndani wa yai la kuku, kwa sababu mishipa yake inaonekana kwa macho. Hiyo mada ni kubwa, sitaki ifunike hii.

Mkinga wa Makete

Mwalimu la mwisho. Ile pete nyekundu ninayoiona nikimulika siku ya saba, duara kama limechorwa kwa kalamu, halafu katikati hakuna kitu. Ni nini? Na vifaranga wanaotoboa ganda wakakwama, niwasaidie au niwaache?

Mtotoleshaji Uyole

Pete ni kifo cha mapema. Eneo la mishipa juu ya kiini lina mshipa unaolizunguka ukingoni. Kiinitete kikifa, damu inaondoka katikati na kukusanyika pale ukingoni. Litoe hilo yai, lisije likapasuka na kuchafua mengine. Pete nyingi kwa mkupuo mmoja, angalia joto, angalia mayai yalikaa siku ngapi kabla ya kuingizwa.

Kuhusu kusaidia: kuna utando unaoota kutoka tumboni mwa kiinitete, unaungana na ule wa nje, na kufika kama siku ya 12 unakuwa umefunika ganda lote kwa ndani. Umejaa mishipa. Ndio pafu lake. Siku ya 19 au 20 anatoboa kwanza ndani, kwenye chumba cha hewa, anaanza kuvuta pumzi kwa mapafu, na damu ya ule utando inarudi mwilini polepole huku mishipa ikifunga. Wakati huo huo kiini kilichobaki kinavutwa tumboni. Yote hayo yanachukua saa nyingi baada ya kutoboa ganda, mara nyingine 12, mara nyingine 24. Wewe ukimenya mapema unachana mishipa ambayo bado ina damu, na kifaranga anavuja mpaka anakufa mkononi mwako.

Kwa hiyo mwache. Zikishapita saa 24 tangu atoboe na hajasogea, banua kipande kidogo cha ganda upande wa chumba cha hewa, lowesha utando kwa maji ya vuguvugu uangalie. Ukiona vimishipa vyekundu, funika, mrudishe mashineni, ongeza unyevu. Ukiona utando mweupe mkavu, unaweza kumlegezea, lakini sehemu ya kitovu muachie amalize mwenyewe.